Kutoka Kibosho Hadi kwa Nguva: Njia za Masomo kwa Anayetaka Kazi ya Mamalia wa Baharini

Swali hili hunijia karibu kila mwaka, na mara nyingi muulizaji husubiri kwanza wenzake watoke darasani. Mwaka huu ameuliza binti wa kidato cha tatu anayeteremka kila asubuhi kutoka Kibosho kwa daladala kuja shuleni hapa Moshi. Alisimama pembeni ya meza, daftari la baiolojia kifuani. "Shikamoo mwalimu. Mtu akitaka kufanya kazi na pomboo anasoma nini?" Hajawahi kuiona bahari. Pomboo amemwona kwenye simu ya kaka yake.

Nilimjibu upesi upesi kwamba akazanie sayansi, kengele ikalia, tukaachana. Nilipofika nyumbani jibu lile lilinikera. Kukazania sayansi ni ushauri anaopewa anayetaka uuguzi, ufamasia na mengine kumi. Haukumwonyesha mtoto yule hata hatua moja ya njia yake. Nimekaa chini kuandika jibu alilostahili, maana najua wako wenzake Arusha, Karatu na Same wenye swali hilohilo, na wako wazazi wanaolisikia wasijue pa kuanzia.

Kinachowachanganya wengi ni hiki: hakuna shahada ya pomboo. Kijana hufungua mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, hutafuta neno pomboo au nyangumi hadi ukurasa wa mwisho, asilione, halafu huomba kozi nyingine kabisa kwa kudhani ndoto yake haina mlango nchini. Ukweli ni kwamba mnyama huja baadaye, kwenye shahada ya uzamili au kazini. Katika shahada ya kwanza unachagua fani, na fani zinazofika kwa mnyama huyo ni kadhaa.

Namna nzuri ya kuziona zote kwa mpigo ni kufikiria mzoga ufukweni. Aprili 2006, huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa. Jiulize ni nani anahitajika mahali kama pale. Anahitajika daktari wa wanyama wa kufungua miili, kutazama mapafu, matumbo na masikio, na kusema kifo kimetoka wapi. Anahitajika mwanabaiolojia wa kutambua spishi, kupima urefu, kukata kipande cha ngozi kwa ajili ya vinasaba, na kung'oa jino, kwa sababu jino la pomboo likipasuliwa huonyesha tabaka za ukuaji zinazohesabika kama pete za mti, na hapo umri hujulikana. Anahitajika ofisa uvuvi wa kuuliza ni nyavu gani zilitegwa na wapi. Anahitajika mtu wa takwimu, kwa sababu 400 ni msiba wa namna moja ikiwa wako maelfu na ni msiba mwingine kabisa ikiwa wamebaki mia chache. Na anahitajika mtu wa kukaa na wavuvi na wazee wa kijiji akasikiliza walichokiona. Fani tano, na kila moja ina njia yake ya masomo.

Kabla ya njia zenyewe, jambo moja ambalo watoto wa mlimani wana haki ya kulijua. Mamalia wa baharini ni wanyama wa damu moto wanaovuta hewa kwa mapafu na kunyonyesha, na mababu zao waliishi nchi kavu kabla ya kurudi majini mamilioni ya miaka iliyopita. Kati ya wanyama walio hai leo, ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo ni kiboko, huyuhuyu anayeshinda majini pale Manyara. Nguva ana ukoo tofauti. Jamaa zake ni tembo na pimbi, na perere anayelia usiku kwenye msitu juu ya Kibosho ni wa ukoo huo. Nguva jike ana matiti mawili karibu na makwapa, na tembo jike anayo kifuani, kati ya miguu ya mbele. Mwanafunzi aliyemchunguza tembo kwa makini ameshaanza kumsoma nguva.

Na nguva ndiye anayeniuma zaidi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa makadirio ya chini ya 250 waliofikia umri wa kuzaa. Kwetu, waliosalia huonekana zaidi maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa, wanakokula majani ya bahari. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Akinaswa kwenye jarife lililotegewa papa akashindwa kupanda juu kuvuta hewa, amekufa yeye pamoja na watoto wote ambao angewazaa. Nchi hii inahitaji watu wa kazi hiyo, na inawahitaji sasa.

Mwajiri je? Hapa ndipo sisi wa kaskazini hukosea. Mtoto akisema anataka kazi ya wanyama, watu wazima wote huelekeza kidole Mweka. Hatuwezi kulaumiwa: Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kiko pale tangu 1963, na makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, yako Arusha. Lakini pomboo na nguva, kwa sheria za Tanzania Bara, wako upande wa uvuvi. Hifadhi za bahari zilianzishwa kwa sheria yake ya mwaka 1994, nazo ziko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi: Mafia ya mwaka 1995 ndiyo ya kwanza, ikafuata ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, kisha ya Silikanti, Tanga, mwaka 2009. Utafiti uko TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na vyuoni. Zanzibar nao wana wizara yao ya uchumi wa buluu na uvuvi. Anayemaliza masomo na kupeleka barua kwenye hifadhi za nchi kavu peke yake anaweza kusubiri sana, wakati mlango wake uko kwingine. Kwa TANAPA pana Saadani, inayogusa Bahari ya Hindi, na huko mtu wa Mweka yuko nyumbani kabisa.

Sasa njia zenyewe. Kidato cha nne usiachie Baiolojia, Kemia wala Hisabati. Kidato cha tano, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) inafungua milango mingi zaidi, ukiwemo wa udaktari wa wanyama. CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) inatosha kwa sayansi za bahari, uvuvi na uhifadhi. Orodha ya tahasusi iliongezwa mwaka 2024, kwa hiyo msome pamoja na mzazi kabla ya kujaza fomu, mkiangalia kila kozi ya chuo inataka masomo gani. Kiwango cha jumla cha kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, ila kozi zenye ushindani huenda juu ya hapo.

Na BAM, yaani Basic Applied Mathematics. Wanafunzi wengi wa PCB na CBG huiona hisabati ile ndogo kama mzigo, kwa kuwa haiongezi pointi. Nilifanya hivyo mimi. Shule niliyosoma kidato cha tano ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa somo hilo, na mimi nikaona ni nafuu, nikapata muda wa Kemia. Nilipofika chuo nikakutana na takwimu za kibaiolojia, nikalazimika kujifunza usiku mambo ambayo wenzangu waliyapita wakiwa na miaka kumi na saba. Kama huna mwalimu, mtafute kaka au dada aliyemaliza EGM au PCM, tahasusi zenye hisabati kamili, akae nawe Jumamosi.

Kwa nini nasisitiza hesabu kuliko hata kuogelea? Jumamosi moja, kwenye klabu yetu ya baiolojia, tulimimina maharage kwenye sufuria bila kuyahesabu. Mwanafunzi mmoja akachota, yakatoka 40. Tukayatia kila moja doa la kalamu nyeusi, tukayarudisha, tukakoroga vizuri kwa mwiko. Mwingine akachota 30, na ndani yake 12 yalikuwa na doa. Ikiwa 12 kati ya 30 ni yale ya mwanzo, basi yale 40 nayo ni fungu kama hilo la sufuria nzima: 40 mara 30, gawanya kwa 12, unapata 100. Tukayamwaga mezani tukayahesabu moja moja. Yalikuwa 107. Darasa lilinyamaza, halafu kila mtu akataka kuchota.

Pomboo huhesabiwa hivyohivyo, ila badala ya doa kuna picha. Pezi la mgongoni lina mikato na makovu yasiyofanana na ya mwingine, kama masikio ya tembo ambayo Iain Douglas-Hamilton aliyatumia kuwatambua tembo wa Manyara mmoja mmoja miaka ya 1960. Mtafiti hupiga picha mapezi leo, hurudi mwezi ujao akapiga tena, kisha hutazama wangapi wamejirudia. Ugumu huanza pale maharage yanapokuwa hai: wengine wamehama ghuba, wengine wamezaliwa, kovu jipya limebadilisha pezi, na wako wenye pezi laini lisilo na alama yoyote. Kurekebisha makosa hayo ndiko takwimu, na programu ya kompyuta iitwayo R inayotumiwa na watafiti wengi hupatikana bure. Mtoto mwenye kompyuta ya shule na subira anaweza kuanza nayo kabla hata hajafika chuo.

Kwa shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sayansi za viumbe wa majini na uvuvi, na nyingine za zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori. Ukipewa zuolojia badala ya uvuvi usilie. Mradi wa mwaka wa mwisho utauchagua mwenyewe, na hapo ndipo unapomwingiza pomboo. Anayetaka kuwa daktari wa wanyama aende Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, miaka 5. Atasoma ng'ombe, mbuzi, mbwa na kuku zaidi ya kitu kingine chochote, na hilo lisimkatishe tamaa: mkono uliozoea kufungua mzoga wa ndama ndio utakaofungua wa nguva.

Aliyepata alama za wastani kidato cha nne hajafungiwa, na hili naliandika kwa wazazi hasa. Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ina kampasi Mbegani kule Bagamoyo na Mikindani kule Mtwara, zote mbili kando ya bahari yenyewe, zinazotoa astashahada na stashahada. Kwa upande wa tiba, LITA Tengeru, chuo cha mifugo hapo njia ya Arusha, inafundisha stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji. Stashahada yenye wastani wa B inaweza kukupandisha chuo kikuu. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini anayetoka Mbegani anajua kuendesha boti, kufunga nyavu na kuongea na mvuvi, na hayo wahitimu wengi wa shahada huwa hawayajui. Mweka nako kunafundisha kuhesabu wanyama, sheria za uhifadhi na kuishi na jamii zinazopakana na hifadhi, elimu ambayo ikiongezewa uzamili wa bahari haipotei.

Uzamili ndio unapogeuka kuwa mtu wa pomboo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar tangu 1978, na huko mtu husoma uzamili na uzamivu huku bahari ikiwa mlangoni. Si mbali na hapo kuna Kizimkazi na Ghuba ya Menai, ambako pomboo wamefanyiwa utafiti kwa miaka mingi kwa sababu mbili: wanaswao kwenye nyavu, na utalii wa boti zinazowafuata tangu miaka ya 1990. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, nayo ina makao Zanzibar na hutoa ruzuku za utafiti. Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskochi kina uzamili wa sayansi ya mamalia wa baharini kwa jina hilohilo, na Chuo Kikuu cha Pretoria kina kitengo cha nyangumi. Ada za Uingereza si za kulipwa kwa kahawa ya shamba moja. Uko ufadhili wa masomo wa Commonwealth na wa Chevening, na wa pili hutaka uwe umefanya kazi takriban miaka miwili. Kwa hiyo kazi ndogo ya kwanza, hata ya kujitolea, ni sehemu ya njia.

Kuogelea ni lazima ujifunze, na hapa Moshi bwawa la YMCA linatosha kuanzia. Kuzamia kwa mtungi ni jambo zuri lakini si sharti, kwa kuwa utafiti mwingi wa pomboo na nyangumi hufanywa ukiwa juu ya boti. Nilipofanya fildi pwani nikiwa mwanafunzi, siku yangu ya kwanza ilikuwa saa sita juani na kichefuchefu. Kila baada ya nusu saa nilijaza fomu: muda, mahali tulipo, nguvu ya upepo, hali ya mawimbi. Pomboo walikuja kwa dakika kumi tu. Walikuwa saba, mmoja mdogo amejibana ubavuni mwa mama yake akipanda kuvuta pumzi kila mama alipopanda, na sauti ya pumzi yake ilikuwa kama mtu anayepuliza moto wa kuni. Nahodha, mzee wa makamo, aliwaona kabla yetu sote kwa kutazama ndege tu. Kila aliyesoma baiolojia pale alijifunza kwake siku ile.

Ndiyo maana nasema Kiswahili chako ni mtaji. Mtafiti wa kigeni huhitaji mkalimani kuuliza jarife lilitegwa saa ngapi na kina gani. Wewe unauliza mwenyewe, ukiwa umeketi kwenye mchanga na mwenye wavu, na ukianza na shikamoo utajibiwa mengi. Likizo ya Desemba, kama nauli ipo, basi la asubuhi kutoka Moshi hupita Same, Mombo, Korogwe na Muheza na kuingia Tanga siku hiyohiyo. Nenda sokoni penye samaki, uulize majina. Upande wa Kenya kuna Kisite-Mpunguti karibu na Shimoni, na Watamu, ambako pia pomboo hutazamwa na kurekodiwa.

Kuna njia moja niliyoiacha makusudi hadi hapa: ile ya kwenye simu ya kaka yake, mkufunzi aliyevaa suti ya mpira akimrushia pomboo samaki. Kazi hiyo ipo Marekani na kwingineko, na wanaoifanya mara nyingi wamesoma baiolojia au saikolojia, kwa kuwa kinachofundishwa ni tabia: firimbi, kitendo, tuzo. Tanzania haina bwawa la namna hiyo. Na duniani mlango huo unazidi kuwa mwembamba: India ilikataa maonyesho ya pomboo mwaka 2013, SeaWorld ilitangaza mwaka 2016 kuacha kuzalisha nyangumi wauaji, na Kanada ilipitisha sheria ya kukataza ufugaji wa nyangumi na pomboo mwaka 2019. Binafsi naona ni heri. Mnyama anayesafiri kilomita nyingi kwa siku moja hana raha kwenye bwawa. Lakini kijana aliyevutwa na video ile asione aibu. Wengi walioko utafitini leo walivutwa hivyohivyo.

Wiki iliyopita binti yule alirudi na swali jingine. Kama pomboo wanahesabiwa kwa pezi, nyangumi wasioonekana usiku wanahesabiwaje? Nikamweleza habari za vipaza sauti vinavyozamishwa majini kunasa sauti zao wakati nyangumi wenye nundu wanapopanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa pwani yetu, kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba. Alifikiri kidogo, akauliza kama perere wa juu ya kwao wanaweza kuhesabiwa kwa sauti. Jumatatu alileta daftari. Alikuwa amechora safu tatu kwa rula na kujaza usiku wa Ijumaa na Jumamosi: saa 2:10, mmoja, upande wa mto. Saa 2:40, wawili, wanajibizana. Saa 4:05, mvua, sisikii.